Mnada wa Baada ya Ibada

Manase aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya darasa zima, wala hakuna aliyemshika koo ayaseme. Tuanzie hapo, maana baadaye alitamani sana kupata mtu wa kumtupia lawama, akakosa.

Ilikuwa Dar es Salaam, katika chuo cha biashara, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi. Miaka hiyo nchi ilikuwa ikiuzwa na kununuliwa upya. Viwanda vilipata wenyewe, mahoteli yakapata wenyewe, na lile shirika la umma ambalo Manase alikuwa karani wa bohari yake nalo likampata tajiri wake. Tajiri huyo aliwapunguza makarani wengine wote, lakini Manase alimpenda kwa wepesi wake wa kichwa, akampeleka chuo ili arudi awe meneja. Kwa hiyo kijana alisoma kwa bidii, na kwa woga kidogo, kama mtu anayejua kwamba kiti chake kina watu wengi wanaokitazama.

Siku hiyo mwalimu wao wa ugavi, Dokta Laurenti, alichora ubaoni mstari mrefu kutoka kwa mkulima hadi kwa mlaji. Akasema kila mahali mzigo unaposimama bila sababu, pana hasara. Na mzigo ukirudi ulikotoka, hapo hasara imegeuka wazimu. Akauliza nani ana mfano.

Manase akanyoosha mkono. Akawasimulia kanisa la kwao, kijijini, upande wa Mgori kule Singida, ambako watu hawana fedha mkononi na sadaka huletwa kwa mazao: uwele, mtama, alizeti, mayai, kuku. Ibada ikiisha, vitu hivyo vinanadiwa pale nje. Mtu ananunua jogoo, analipa, kisha anamrudisha anadiwe tena. Anayefuata naye analipa, naye anamrudisha. "Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara tatu," alisema Manase, "na hajatoka uwanjani." Hakuishia hapo. Alisimama, akaigiza sauti ya Mzee Abraham, mnadi wa miaka yote, jinsi anavyokohoa kabla ya kutaja bei na jinsi anavyomwinua kuku kwa miguu kama mtu anayeonyesha kikombe cha ushindi. Darasa lilivunjika mbavu. Dokta Laurenti mwenyewe alivua miwani akafuta macho.

"Hiyo ndiyo tasnifu yako, bwana," alisema. "Nenda ukaunyooshe huo mnyororo, kisha utuletee matokeo."

Manase akakaa chini akiwa amefurahi. Ni kitu kitamu kuwachekesha watu wa mjini, hasa ukiwa umetoka mbali.

Alifika nyumbani mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Alikuja na mizani ya kuning'iniza, magunia mapya ya plastiki, na maneno mengi. Mama yake, Mama Damari, mjane aliyemlea peke yake, alimpokea kwa vigelegele akamchinjia jogoo, kisha akaketi kumsikiliza. Alisikiliza hadi mwisho. Alipoulizwa anaonaje, alisema mwanawe amekonda.

Mchungaji Festo yeye alifurahi waziwazi. Alikuwa mgeni pale, amehamishiwa usharika ule hata mwaka haujaisha, na kanisa alilolikuta lilikuwa limeezekwa nusu. Manase alimweleza kwamba mazao yakipimwa vizuri, yakafungwa pamoja na kuchukuliwa mara moja na mfanyabiashara wa mjini Singida, yangeleta fedha kuliko kunadiana wenyewe kwa wenyewe hapo uwanjani. Mchungaji alitazama juu, pale ambapo mabati yaliishia na mbingu kuanza, akasema Bwana asifiwe.

Wazee wa kanisa waliitwa. Mzee Abraham alikohoa.

"Mwanangu," alisema, "mnada huu ni wa zamani."

"Ndiyo maana tunaubadilisha, baba."

Wawili watatu wakacheka. Mzee Abraham akangoja wamalize. "Una mambo yake," akasema.

"Mambo gani, baba? Niyaandike."

Mzee akawatazama wenzake. Mmoja akaanza kuchunguza kofia yake. Mchungaji akauliza kama kuna la kuongeza, halikuwapo, kikao kikafungwa kwa sala.

Sasa mimi nitakuambia hayo mambo, kwa kuwa wewe si mtu wa kijiji kile na hutamvunjia mtu heshima. Ng'ambo ya korongo aliishi mjane aliyeitwa Bibi Maria, na wajukuu ambao wazazi wao walikuwa wameshazikwa. Kila Jumapili Bibi Maria alipeleka kitu madhabahuni. Leo tetea wake mweusi, Jumapili ijayo bakuli la uwele, kisha tetea yuleyule tena. Kitu hicho kilinadiwa kama vingine, mtu akakinunua, fedha ikaingia kanisani. Na jioni tetea mweusi alikuwa akichakura nyumbani kwa Bibi Maria. Hakuna aliyemleta. Pengine aliyenunua alisema, "Bibi, mimi naenda mbali, nitunzie huyu nitampitia," na asimpitie maisha yake yote. Pengine mtoto aliyetumwa mahali alipita karibu na ua akamwachia. Jumapili hii alinunua huyu, Jumapili ile yule, na hawakuambizana. Hivyo Mungu alipata chake, wajukuu wakala mayai, na Bibi Maria akasogea mbele za Bwana akiwa na kitu mkononi kama mwanamke mwingine yeyote. Wala hakuwa yeye peke yake. Kila kipindi kilikuwa na mtu wake.

Jambo hilo halikuwa na jina, si kwa Kinyaturu wala kwa Kiswahili, na uhai wake wote ulikuwa katika kutokuwa na jina. Ungelitaja tu, lingekuwa msaada, na Bibi Maria angekuwa mwombaji. Kwa hiyo halikuweza kusemwa kikaoni, hata kwenye mengineyo. Watu wazima wote walilijua isipokuwa mchungaji mgeni, na msomi wetu, ambaye alikwenda shule ya bweni angali mdogo na likizo zake alizimaliza akisoma.

Jumapili ya kwanza ya utaratibu mpya ilikwenda vizuri ajabu. Mizani ilitundikwa barazani, uwele ukamwagwa kwenye magunia, kuku wakatiwa kwenye tenga, na asubuhi yake gari la mfanyabiashara likaja likabeba vyote. Mchungaji alipotangaza mapato, akina mama walipiga vigelegele. Manase aliombwa asimame, akasimama.

Jumapili hiyo, kabla ya gari kuja, Bibi Maria alikuwa amekaa kidogo karibu na tenga baada ya ibada, akimtazama tetea wake katikati ya wengine. Manase alidhani anashangaa mizani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wanakwenda wapi?"

"Mjini, bibi. Huko ndiko kwenye bei."

"Haya," alisema Bibi Maria. "Wafike salama."

Jumapili iliyofuata alileta bakuli la uwele. Baada ya hapo alileta tetea wa mwisho, aliyeacha vifaranga nyumbani, kisha jogoo. Unaweza kuuliza kwa nini hakuacha tu. Lakini angeachaje? Angeacha sasa, palepale mnada ulipokoma, ingekuwa kama kutangaza kwamba miaka yote ile alikuwa anatoa kwa kuwa anarudishiwa. Basi alitoa kama watu wanaotoa kweli, na kitu kilipoondoka kiliondoka kweli. Kina Mzee Abraham waliona, na walihangaika. Lakini mnadani mtu alikuwa na kisingizio, na bila mnada, kumpelekea Bibi Maria kuku mkononi ni kumwambia usoni kwamba ana njaa. Kila mmoja alingoja mwenzake avumbue namna. Manase naye, jioni moja, aliandika katika tasnifu yake kwamba hata wazee wasio na uwezo wameupokea utaratibu kwa moyo, akatoa mfano wa mjane mmoja ambaye hajakosa hata Jumapili moja. Alijisikia vizuri alipoandika hivyo. Akaituma chuoni, akaendelea kukusanya takwimu za nyongeza.

Mama Damari alijaribu. Alikuwa akisonga ugali, akasema bila kugeuka, "Manase, Maria usimpimie."

"Mizani haichagui mtu, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Mnada ulikuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi," alisema mama yake.

Manase akacheka kwa upendo, akachukua kijiti, akamchorea mstari wa Dokta Laurenti pale chini kwenye majivu, kutoka kwa mkulima hadi kwa mlaji. Mama Damari aliutazama mstari, kisha akauliza kama mboga iwekewe chumvi zaidi.

Ndipo Bibi Maria alipokosa ibada. Akakosa tena. Na si yeye tu. Magunia yalianza kupungua, tenga likawa na nafasi. Watu walikuwa wamepoa. Zamani Jumapili ilikuwa na kelele na utani pale nje, mtu akipandisha bei ili kumchokoza shemeji yake. Sasa walipima, wakaondoka. Manase hakufadhaika. Chuoni walifundishwa kwamba mtiririko ukipungua, unakwenda kwenye chanzo. Akaandaa maswali ya kuwauliza watu, akaanza na mtoaji wake bora.

Ua wa Bibi Maria ulikuwa umefagiwa, na ulikuwa kimya. Hakuna kuku, wala kifaranga. Manase alilitazama lile na hakuliona. Bibi Maria alimkaribisha kwa furaha, akamtolea kigoda, akamwuliza habari za Dar es Salaam, za mama, za masomo. Kisha akanong'ona jambo kwa mjukuu wake, naye mtoto akatoka na bakuli kupitia nyuma ya nyumba.

"Bibi, nina swali moja tu la utafiti," alisema Manase. "Umeacha kuleta sadaka. Je, sababu ni umbali, ni bei, ni ugonjwa, au ni nyingine?"

Bibi Maria alifikiri. Kutoka pale alipokaa, ukuta wa kanisa ulionekana wazi ng'ambo ya korongo.

"Andika umbali, mwanangu," alisema.

Akaandika. Alitaka kuaga, lakini mgeni hatoki hivi hivi katika nyumba ya Mnyaturu. Moto ukawashwa, ugali ukaja, na mlenda, naye akala akashiba. Wajukuu walikaa mlangoni. Bibi Maria alisema wao wameshakula.

Nyumbani mama yake alikuwa akipepeta. "Umekula?"

"Nimekula kwa Bibi Maria. Hata nimezidiwa."

"Najua," alisema Mama Damari. "Unga ulikuwa wa kwangu. Mtoto alikuja na bakuli, akasema bibi ana mgeni."

Akaweka ungo chini. Pengine alichoka, au pengine ni kwa sababu unga ule aliutoa mwenyewe na aliyeula alikuwa mwanawe. Alisema yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Alimweleza habari za tetea mweusi. Alimweleza mnada na kazi yake. Manase alikuwa ameanza kusema kwamba hakujua, kwamba kama angeambiwa, lakini mama yake alikuwa hajamaliza.

"Baba yako alipofariki nilibaki na tetea mmoja," alisema. "Nilimpeleka kanisani mwaka mzima. Yuleyule."

"Nani alikuwa anamnunua?"

"Sijui. Sikuuliza. Ndiyo maana niliweza kuwasalimia wote." Akachukua tena ungo. "Mayai yake ndiyo uliyokuwa unakula asubuhi, ukienda shule. Abraham nadhani alimnunua mara nyingi. Sina hakika."

Manase alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni. Hakuona chakula cha Bibi Maria tumboni mwake, wala magunia. Aliona darasa. Aliona miwani ya Dokta Laurenti ikivuliwa, akajiona yeye mwenyewe amesimama, mkono juu, akikohoa kikohozi cha mzee aliyemlisha. Aliona aibu, si ile ya kukosea, maana mtu anayekosea husahihisha. Aliona aibu ya kuwa yeye. Kama ingewezekana kujivua kama shati angejivua.

Kesho yake akaenda kwa mchungaji. Hapo akajua kwa nini wazee walichunguza kofia zao, kwa kuwa naye hakuweza kusema. Alisema utafiti unahitaji kulinganisha njia ya zamani na mpya, hivyo mnada urudi. Mchungaji alisikitikia mabati yake, akakubali. Wiki hiyohiyo ujumbe ukafika kutoka chuoni: tasnifu imepita, na Dokta Laurenti angependa itumike kuwafundisha wanaofuata. Manase aliupokea kama mtu anayepokea taarifa ya ugonjwa.

Habari za mnada zilienea bila tangazo. Na ukweli ni kwamba kabla ya Jumapili kufika, tetea mwekundu alionekana akichakura kwa Bibi Maria. Alitoka wapi, hakuna ajuaye. Kijiji kilikuwa kimeanza kujiponya chenyewe, na kama Manase angeketi tu akatulia, hadithi ingeishia hapa na mimi ningekuwa sina la kusimulia.

Jumapili hiyo Bibi Maria alikuja na kanga safi, tetea mwekundu kwapani. Alisogea madhabahuni na wenzake. Nje, kelele zilirudi. Watu walitaniana hadi Mchungaji Festo akatabasamu. Mzee Abraham alimwinua tetea mwekundu, akakohoa, akataja bei. Baba mmoja wa pembeni akainua mkono kivivu, kama kawaida, kama mtu asiye na shida sana na kuku. Mwanamke mwingine akapandisha kidogo. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Manase akasimama akataja bei ambayo haijawahi kutajwa pale hata kwa mbuzi.

Kelele zikafa. Mama Damari alimshika shati kwa nyuma, lakini kijana alikuwa ameshatoka kwenye benchi. Usiku kucha alikuwa amebeba toba kifuani, na toba ikikaa sana ndani ya mtu mwenye haraka, inatafuta watu wa kuitazama. Alilipa. Alimchukua tetea. Akavuka uwanja mzima, akapiga magoti mbele ya Bibi Maria, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Bibi, huyu ni wako," alisema. "Chukua. Na unisamehe kwa njaa niliyokuletea."

Bibi Maria alimpokea kwa mikono miwili. Alisema, "Asante, mwanangu." Hakuna mtu aliyemtazama. Watu walitazama miguu yao, magunia, mabati. Mzee Abraham alisimama na bakuli la mayai mkononi, akasahau kwamba alipaswa kulinadi. Manase, angali amepiga magoti, alihisi ule ukimya ukimjia kutoka pande zote, na kabla hajainuka alikuwa ameshaelewa alichokifanya. Neno ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelimeza kwa miaka, yeye alikuwa amelitoa hadharani, tena kwa sauti.

Alikuwa arudi Dar es Salaam wiki hiyo. Hakwenda. Alimwambia mama yake kwamba anangoja Jumapili, aone.

Bibi Maria alikuja. Alimleta tetea yuleyule, amemfunga miguu vizuri kwa kitambaa, akamweka mbele pamoja na vingine. Ibada ikaisha. Zamu yake ilipofika, Mzee Abraham alimwinua, akataja bei.

Hakuna mkono.

Haikuwa kwamba hawampendi. Walikuwa wakimpenda, na ndiyo sababu mikono ilibaki mapajani. Sasa yeyote atakayemnunua kuku yule, hata watoto walijua anamnunulia nani na kwa nini. Kuinua mkono kulikuwa ni kumwambia Maria mbele ya watu: nakupa sadaka. Mzee Abraham alikohoa tena. Akashusha bei. Akatafuta macho ya mtu, huyu, yule, na kila aliyemwangalia aligeuka, wengine machozi yakiwalenga. Manase alikalia mikono yake. Akinunua yeye, amemaliza kumzika. Asiponunua, ni yeye aliyefanya asinunuliwe. Mzee alishusha bei mara nyingine, chini ya bei ya yai, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

Bibi Maria akainuka kutoka kwa akina mama. Akatembea polepole mpaka mbele, akanyoosha mikono.

"Nipe, baba," alimwambia Mzee Abraham, kwa upole, kama anayempunguzia mtu mzigo. "Nikamfungue. Amefungwa tangu asubuhi."

Mzee alimpa. Akamweka kwapani, akatengeneza kanga yake begani, akapita katikati ya watu wote, akashika njia ya korongoni. Alikuwa anarudi nyumbani na sadaka yake, mchana kweupe, na uwanja mzima ukiona mgongo wake.

Manase alikuwa ameanza kusimama.

"Usimfuate," alisema mama yake.